TCR ya panya isiyoonekana kwenye saitometa: dalili, chanzo na tiba

Grafu ya saitometa (mashine inayopima seli moja moja kwa rangi na leza) imetoka, na pale panapotakiwa kuwa na kundi la seli T, yaani seli za kinga zenye kipokezi kiitwacho TCR, hakuna kitu. Au kuna mlima mmoja mnene usiogawanyika. Au seli B nazo zimewaka. Kabla ya kuilaumu mashine au kuagiza kichupa kingine cha kingamwili, jibu maswali matatu. Je, kipokezi chenyewe kipo juu ya seli kwa wakati huo? Panya wa ukoo huo ana jeni ya kipande cha kipokezi unachokitafuta? Na kingamwili yako ilitengenezwa ndani ya mnyama gani? Sehemu kubwa ya matatizo ya TCR ya panya huishia kwenye mojawapo ya maswali hayo, na leza haina kosa.

Katika mwongozo huu panya ni Mus musculus. Rattus norvegicus tutamwita panya mkubwa, kwa kuwa naye yumo: baadhi ya kingamwili zetu zimetoka kwake.

Hali ya kawaida

Kloni (aina moja ya kingamwili yenye jina lake) inayotumika zaidi ni H57-597. Hushika eneo lisilobadilika la mnyororo wa beta, kwa hiyo huziwasha seli T zote za alfa-beta (zenye TCR ya minyororo ya alfa na beta; za gamma-delta zina minyororo mingine) bila kujali zimechagua kipande gani cha Vβ, yaani sehemu inayobadilika ya beta. Kwa seli za gamma-delta kuna GL3 na UC7-13D5. Kwa CD3, protini inayoambatana na TCR, kuna 145-2C11, inayoshika CD3 epsilon, na 17A2. Hii 17A2 imetoka kwa panya mkubwa. Nne za kwanza zote zimetoka kwa hamsta wa Armenia, na jambo hilo litajitokeza tena mara kadhaa huko chini.

Kwenye bandama ya C57BL/6 mwenye afya, tarajia seli T ziwe robo hadi theluthi ya limfosaiti, zikizidi kidogo au kupungua kidogo kulingana na umri. Kwenye tezi za limfu huwa zaidi ya nusu. Seli za gamma-delta ni chache: kama 1 hadi 3 katika kila seli T 100. Hesabu hiyo ina maana yake kwenye mashine. Ukirekodi limfosaiti hai 1,000,000 za bandama, utapata seli T kama 300,000, gamma-delta kama 6,000, na ukitaka kuzigawa tena kwa Vγ unabaki na elfu moja au mbili. Mtu aliyerekodi matukio 50,000 asishangae akikosa kundi, halikukosekana, hakulingoja.

Thaimasi, kiungo ambamo seli T hukomaa, ina sura yake. Seli changa zenye CD4 na CD8 (alama mbili za seli T) kwa pamoja, ambazo ni kama asilimia 80 ya thaimasi nzima, hubeba TCR kidogo, takriban mara kumi pungufu ya zile zilizokomaa. Kilima cha katikati unachokiona hapo ni cha kweli. Kwenye ini pia utaona seli nyingi zenye TCR ya wastani: hizo ni NKT, kundi maalumu la seli T, nazo huthibitishwa kwa tetrama (molekuli nne zilizounganishwa ili zishike TCR) ya CD1d iliyopakiwa lipidi ya PBS57 au alfa-GalCer. Usianze kuongeza kingamwili ili "kuzipandisha".

Njia tunayoichukulia kuwa ya msingi ni hii. Ponda bandama juu ya chujio la mikromita 70. Vunja seli nyekundu kwa mililita 1 hadi 2 za bafa ya ACK (amonia kloridi milimola 150, potasiamu bikaboneti milimola 10, EDTA milimola 0.1) kwa dakika 2 hadi 3, kisha jaza bafa hadi mililita 10 na uzungushe kwenye sentrifyuji kwa 400 g dakika 5. Weka seli milioni 1 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96 yenye kitako cha V. Osha kwa PBS tupu na utie rangi ya seli zilizokufa, ile inayoshika amini, dakika 15 gizani. PBS hiyo isiwe na serumu wala BSA, maana protini huinywa rangi yote kabla ya seli. Osha tena kwa bafa ya kutilia rangi: PBS, serumu ya ndama asilimia 2, EDTA milimola 2. Ziba vipokezi vya Fc (vinavyoshika mkia wa kingamwili yoyote) kwa kloni 2.4G2, mikrogramu 0.5 hadi 1 katika mikrolita 50, dakika 10 juu ya barafu. Bila kuosha, ongeza mikrolita 50 za mchanganyiko wa kingamwili na uache dakika 30 kwa nyuzi 4, gizani. Osha mara mbili kwa mikrolita 200, pima siku hiyo hiyo.

Ukiongeza sodiamu azidi (asilimia 0.05 hadi 0.1) seli huzuiwa kumeza vipokezi vyao, lakini azidi ni sumu. Usiichanganye na asidi, na usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, kwa sababu hujenga chumvi zinazoweza kulipuka.

Dalili: seli T zipo, CD4 na CD8 zinaonekana vizuri, ila TCR haipo au imefifia

Hili ndilo tatizo linalopoteza muda wa watu wengi. CD4 na CD8 zikionekana, mashine inafanya kazi, seli ni hai, na hatua zako za kutia rangi si mbaya. Kinachobaki ni kipokezi chenyewe, au kingamwili yake.

Chanzo cha kwanza ni kwamba seli imekimeza kipokezi. Seli T iliyochochewa kwa kingamwili ya CD3, kwa peptidi yake, au kwa kemikali za PMA na ionomisini, huvuta TCR na CD3 kutoka kwenye utando hadi ndani. PMA huishusha hata CD4. Ukitia rangi saa nne au tano baada ya uchocheaji wa namna hiyo, utaona kundi la TCR limeteremka, na wakati mwingine limeungana kabisa na hasi. Kipokezi hurudi juu taratibu, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu. Jambo hilo hilo hutokea ndani ya panya aliyedungwa kingamwili. GL3 na UC7-13D5 zikidungwa kwa panya haziziui seli za gamma-delta kama wengi walivyodhani zamani. Huzifanya zifiche kipokezi, na zinabaki hai bila kuonekana. Kusema "tumeziondoa gamma-delta" kwa kutazama GL3 pekee ni kujidanganya.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi, nalo linastahili kufanywa kwa uangalifu. Chukua sampuli ile ile. Tia H57-597 ya rangi moja, tuseme APC, juu ya seli, kwa kiasi cha kutosha kujaza vipokezi vyote vya nje. Osha mara mbili. Gandisha kwa parafomaldehaidi asilimia 2 hadi 4, dakika 20 juu ya barafu. Osha, kisha toboa utando kwa saponini asilimia 0.1, na tia H57-597 ile ile yenye rangi nyingine, tuseme BV421, ukiwa bado ndani ya bafa ya saponini. Seli yenye APC kidogo na BV421 nyingi imemeza kipokezi. Seli isiyo na APC wala BV421 haina TCR ya alfa-beta, au kingamwili yako imekufa. Saponini haitoboi moja kwa moja, huziba tena ukiiosha, kwa hiyo iwemo hadi uoshaji wa mwisho wa hatua ya ndani. Usitumie methanoli hapa: PE, APC na rangi zao za sanjari (mbili zilizounganishwa, kama PE-Cy7) ni protini, na methanoli huzivunja.

Ukijua kuwa utachochea seli, panga mapema. Tia kingamwili ya TCR pamoja na zile za ndani baada ya kutoboa, au tenga seli T kwa alama nyingine, kama CD90 au CD5.

Kumeza kunaweza pia kusababishwa na wewe mwenyewe mezani. Kingamwili ya TCR ni kichocheo. Ikiachwa na seli hai kwa joto la chumba au nyuzi 37, huvuta vipokezi pamoja na seli huvimeza. Barafu, bafa baridi na sentrifyuji iliyopozwa hadi nyuzi 4 si mapambo.

Chanzo cha pili ni vimeng'enya. Anayetoa seli kwenye utumbo, mapafu, ngozi au uvimbe hutumia kolajenasi, disipasi au tripsini. Disipasi na tripsini hukata alama nyingi za juu ya seli. Kolajenasi safi ni mpole zaidi, ila ubora hutofautiana kati ya shehena na shehena. Gawa seli za bandama sehemu mbili, moja uiweke kwenye kimeng'enya chako kwa muda na joto lile lile, nyingine kwenye bafa tu, kisha zitie rangi pamoja. Zikitofautiana, badilisha kimeng'enya au punguza dakika.

Cha tatu ni kingamwili kuzuiana. H57 hushika kitanzi kilichochomoza kwenye Cβ, na hapo jirani kabisa ndipo ilipo CD3 epsilon inayoshikwa na 2C11. Zikiwekwa pamoja, moja huweza kuipunguza nyingine. Ukihitaji zote mbili, pima kila moja peke yake kwanza, kisha pamoja, ulinganishe kiwango cha mng'aro. Kwa kawaida hazihitajiki zote mbili. Na kama seli zilikuzwa na 2C11, usitarajie 2C11 yenye rangi ikute nafasi.

Tetrama za MHC (molekuli zinazoionyesha TCR antijeni) nazo zina wivu: zitangulize peke yake dakika 30 hadi 60, ndipo ufuatishe kingamwili. Chagua pia kloni ya CD8 kwa makini, maana baadhi huzuia tetrama, 53-6.7 ndiyo inayotumiwa sana pamoja nazo.

Cha nne ni kichupa chenyewe. PE na APC zikigandishwa huharibika. Kama mzigo ulifika na barafu ndani ya kichupa, au friji ya maabara hushuka chini ya sifuri nyuma karibu na bamba la baridi, hapo usitafute zaidi. Weka tone la kingamwili kwenye shanga za kompensesheni (marekebisho ya rangi zinazoingiliana): shanga zikiwaka, rangi ni nzima na tatizo liko kwenye seli, zisipowaka, soma kwanza sehemu ya shanga hapa chini kabla ya kutupa kichupa.

Dalili: H57 inawaka, lakini Vβ au Vα uliyonunua haionekani

Hapa swali ni la panya, wala si la rangi. Panya wa koo mbalimbali hawana akiba sawa ya Vβ, kwa sababu mbili tofauti.

Sababu ya kwanza ni jeni kukosekana. SJL, SWR, C57L na C57BR wana kipande kikubwa cha kromosomu kilichofutika, hivyo hawana Vβ5, Vβ8, Vβ9, Vβ11, Vβ12 wala Vβ13. Ukimtia SJL rangi ya F23.1, inayoshika Vβ8.1, 8.2 na 8.3, utapata sifuri, na sifuri hiyo ni sahihi. Kinyume chake, KJ23 hushika Vβ17a, ambayo SJL anayo, lakini jeni ya Vβ17 ya C57BL/6 haitengenezi kipokezi. Kununua KJ23 kwa ajili ya C57BL/6 ni kupoteza pesa.

Sababu ya pili ni superantijeni, yaani protini zinazoshika seli zote za Vβ fulani, za virusi vya Mtv vilivyomo ndani ya jenomu ya panya. Jeni ipo, seli hutengenezwa, kisha huuawa ndani ya thaimasi. BALB/c ana Mtv-6, Mtv-8 na Mtv-9 pamoja na molekuli ya I-E ya MHC, kwa hiyo seli zake zilizokomaa zenye Vβ3, Vβ5, Vβ11 na Vβ12 ni chache mno. C57BL/6 naye ana Mtv-8 na Mtv-9, lakini hana I-E inayofanya kazi, basi Vβ5 na Vβ11 zake hubaki. DBA/2 ana Mtv-7, ambayo hufuta Vβ6, Vβ7, Vβ8.1 na Vβ9. CBA/J vilevile, ilhali CBA/Ca hana Mtv-7. Mtego mkubwa ni kizazi cha kwanza cha kuchanganya C57BL/6 na BALB/c: kinarithi I-E kwa mzazi mmoja, basi Vβ11 iliyokuwa nzuri kwa C57BL/6 inatoweka kwa watoto.

Namna ya kutofautisha sababu hizi mbili ni kuangalia thaimasi. Tia CD4, CD8 na Vβ yako. Kama jeni ipo na ufutaji ni wa superantijeni, seli changa zenye CD4 na CD8 pamoja zitaonyesha Vβ hiyo kwa mng'aro mdogo, na zile zilizokomaa hazitaonyesha. Kama jeni haipo, hata changa hazina. Kwa kazi hii chagua rangi kali, PE, APC au BV421. FITC haitoshi kwa TCR ya seli changa.

Majina nayo huwapoteza wanunuzi. Vβ8.1, 8.2 na 8.3 za zamani huandikwa sasa TRBV13-3, 13-2 na 13-1. Vβ11 ni TRBV16. Vβ6 ni TRBV19. Vβ3 ni TRBV26. Mtu mwenye matokeo ya usomaji wa jeni yenye TRBV13 asiagize kingamwili ya "Vβ13".

Kwa Vγ hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mifumo miwili ya majina ya mwaka 1986 bado inatembea bega kwa bega: wa Heilig na Tonegawa, na wa Garman. Vγ4 ya Heilig na Tonegawa ndiyo Vγ2 ya Garman. Vγ5 ni Vγ3. Vγ6 ni Vγ4. Vγ7 ni Vγ5. Kloni UC3-10A6 huuzwa kama "Vγ2", nayo ndiyo inayoshika Vγ4 ya Heilig na Tonegawa. Kloni 536 huuzwa kama "Vγ3", nayo hushika Vγ5, ile ya seli za ngozi ya juu. Andika jina la kloni kwenye daftari na kwenye makala, pamoja na mfumo uliotumia. Vγ4 peke yake haimwambii msomaji chochote cha uhakika.

Kwa Vγ6 kuna njia ya kuzunguka. Kloni 17D1, ambayo ni IgM ya panya mkubwa, hushika Vγ5Vδ1 moja kwa moja. Ukitanguliza GL3, kipokezi hubadilika kiasi cha kuiruhusu 17D1 ishike pia Vγ6Vδ1. Mpangilio ni kuziba Fc, GL3, kuosha, 17D1, kuosha, kisha kingamwili ya pili (yenye rangi, inayoishika ya kwanza) dhidi ya IgM ya panya mkubwa. Ukiruka GL3, Vγ6 haitaonekana hata kama imejaa kwenye sampuli.

Dalili: panya wa TCR moja, lakini si seli zote zinazokubali

OT-I na OT-II, panya waliowekewa jeni za TCR moja, wote hutumia Vα2 na Vβ5. P14 ni Vα2 na Vβ8.1, SMARTA ni Vα2 na Vβ8.3, 2D2 ni Vα3.2 na Vβ11, DO11.10 hutambuliwa kwa KJ1-26. Katika panya ambao hawajaondolewa Rag (jeni zinazopanga vipande vya TCR), mnyororo wa alfa wa kuzaliwa unaweza kupangwa na kutokea juu ya seli, maana ufungaji wa alfa (kuzuia mnyororo wa pili) si mkali kama wa beta. Ndiyo maana utaona seli zenye Vβ5 zote lakini Vα2 pungufu, hasa panya anapozeeka. Dawa ni kuwazalisha kwenye asili isiyo na Rag1 au Rag2.

Baada ya kuhamisha seli kwa panya mwingine, usitegemee Vα2 na Vβ5 pekee kuzitafuta. Mwenyeji naye ana seli zake zenye mchanganyiko huo huo. Weka alama ya ukoo, CD45.1 kwa CD45.2 au CD90.1 kwa CD90.2, na utumie Vα2 na Vβ5 kuthibitisha tu.

Dalili: gamma-delta zimekuwa nyingi ghafla, au seli zina TCR zote mbili

Ukipata gamma-delta asilimia 10 ya seli T za bandama ya panya wa kawaida, usifurahie bado. Tazama umbo la kundi. Gamma-delta za kweli hukaa pamoja, zikiwa na CD3 ya juu na H57 hasi. Kundi linalopanda kwa mshazari kutoka kwenye hasi, likiwa na mng'aro kwa GL3 na H57 kwa uwiano ule ule, ni seli zilizokufa au uchafu unaong'aa wenyewe. Seli zenye zote mbili kwa nguvu kamili mara nyingi ni mbili zilizoshikamana. Zitoe kwa FSC-A dhidi ya FSC-H (eneo na urefu wa ishara ya mwanga uliotawanyika mbele), kisha urudie kwa SSC (uliotawanyika pembeni). EDTA kwenye bafa na chujio la mikromita 40 kabla ya mashine hupunguza tatizo hilo kuliko geti lolote (mpaka wa kuchagua seli kwenye grafu).

Vidoti vilivyojipanga ukingoni mwa mhimili ni mabonge ya rangi. Zungusha kichupa kwa 10,000 g dakika 3 hadi 5, na uchote juu bila kugusa chini.

Kuna jambo moja la gamma-delta ambalo wengi hawalijui: baadhi ya seli hizi, kwa panya na kwa binadamu, hutambua PE yenyewe kama antijeni. Ni chache, ila anayetafuta kikundi cha nadra kwa kingamwili yenye PE anaweza kukusanya seli zilizoshika rangi, si kingamwili. Seli B zinazotambua PE pia zipo. Rudia kwa rangi nyingine kabla ya kuandika.

Udhibiti ulio mzuri kuliko wote kwa GL3 ni panya asiye na jeni ya Tcrd. Kwa H57 ni asiye na Tcrb. Usipowapata, tumia sampuli iliyotiwa rangi zote isipokuwa moja. Kingamwili ya isotaipu ya hamsta (isiyolenga kitu chochote juu ya seli) inakuonyesha tu kama Fc imezibwa. Haifai kuchorea mstari wa geti.

Dalili: seli B, makrofaji au kila kitu kinawaka

Ukitumia kingamwili isiyo na rangi na kufuatisha ya pili, rudi kwenye swali la mnyama. MR5-2, MR9-4, F23.1 na KJ1-26 ni za panya mwenyewe. Kingamwili ya pili dhidi ya IgG ya panya itashika kila seli B, maana hizo zimevaa imunoglobulini ya panya. Nunua iliyounganishwa rangi tayari, au ya biotini ukafuatisha streptavidini.

Kwa hamsta, mchanganyiko wa H57, GL3 na 2C11 hauwezi kutenganishwa kwa kingamwili moja ya pili dhidi ya hamsta. Na orodha ya hamsta ni ndefu kuliko watu wanavyokumbuka: N418 ya CD11c, H1.2F3 ya CD69, C398.4A ya ICOS. Vilevile 2.4G2 ni ya panya mkubwa, basi kingamwili ya pili dhidi ya panya mkubwa itaishika pia. Ikikulazimu kutumia ya pili, imalize kwanza, osha, ziba nafasi zilizobaki kwa serumu ya kawaida ya mnyama huyo, ndipo ulete zilizounganishwa.

Makrofaji na monosaiti hushika rangi za sanjari zenye siyanini, kama PE-Cy5 na APC-Cy7, hata Fc ikiwa imezibwa. Usiweke TCR kwenye rangi hizo ukiwa na sampuli ya mapafu au uvimbe, na weka CD11b na CD19 kwenye rangi moja ya kutupia seli usizozitaka.

Dalili: kompensesheni haikai

Shanga nyingi zimetengenezwa kushika mnyororo wa kappa wa panya na panya mkubwa. Ya hamsta hupita bila kushikwa, isipokuwa kifurushi kinasema wazi kuwa kinashika hamsta. B20.1, ile ya Vα2, ina mnyororo wa lambda, nayo hupita vilevile. Hapo shanga zisipowaka, kingamwili ni nzima. Tumia seli za bandama zenye rangi moja, ukichagua kingamwili ya CD4 au CD8 yenye rangi ile ile kama TCR ni hafifu. Kwa rangi za sanjari haikubaliki kubadilishana hivyo: PE-Cy7 ya kichupa kimoja hailingani na ya kingine, basi udhibiti utoke kwenye kichupa kile kile.

Sanjari huvunjika kwa mwanga, kwa kukaa muda mrefu kwenye fomaldehaidi, na hata kwa seli hai zenyewe. PE-Cy7 iliyovunjika hutoa ishara ya PE, nawe utaona "kundi" jipya kwenye PE ambalo jana halikuwepo. Ukiwa na rangi mbili au zaidi za familia ya Brilliant kwenye mchanganyiko mmoja, ongeza bafa yake maalumu. Bila hiyo hugandana na kuchora mshazari unaofanana na kompensesheni mbovu.

Kiasi cha kingamwili

Kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda ni mahali pa kuanzia. Andaa vishimo vinane vyenye seli milioni 1 katika mikrolita 100: mikrogramu 1, 0.5, 0.25, 0.125, 0.063, 0.031, 0.016 na 0.008. Kwa kila kimoja hesabu fahirisi ya mng'aro: chukua mng'aro wa kati (mediani) wa chanya, toa wa hasi, gawa kwa mara mbili ya mtawanyiko sanifu wa hasi. Chagua kiasi ambacho fahirisi iko juu na hasi haijaanza kupanda. Kingamwili ikizidi, chanya haiongezeki tena lakini hasi hupanda, na watu huongeza zaidi wakidhani imepungua. Rudia kwa kila shehena mpya, na kwa kila kiungo kipya: kiasi kilichofaa kwenye bandama hakilazimiki kufaa kwenye utumbo.

Dalili: seli zilizochujwa zinafanya mambo ya ajabu zikikuzwa maabara

Ukichuja seli T kwa H57, GL3 au 2C11, umezichochea. Zitapandisha CD69, zitagawanyika, au zitakufa. Kwa seli za kukuza, chuja kwa kuondoa zisizotakiwa, yaani CD19, CD11b, CD11c, NK1.1 na Ter119, au kwa CD4 na CD8. Toa azidi kwenye bafa zote siku hiyo.

Dalili: seli T za binadamu zenye TCR ya panya hazionyeshi kitu

H57-597 haishiki TCR ya binadamu, na kwa sababu hiyo inafaa sana kutambua seli T za binadamu zilizowekewa TCR yenye eneo lisilobadilika la panya. Ikiwa hasi, hakikisha muundo wako kweli una Cβ ya panya. Baadhi hubadilisha asidi amino chache tu kuelekea za panya, na hiyo haitoshi kwa H57. Pima siku kadhaa baada ya kuingiza jeni, seli zikiwa zimetulia kutoka kwenye uchocheaji, la sivyo kipokezi kitakuwa ndani. Kuziba Fc kwa 2.4G2 hapa hakusaidii, tumia kizuizi cha Fc cha binadamu. Na daima weka kando seli za mtoaji yule yule zisizoingizwa jeni, zimekuzwa siku zile zile na kutiwa H57 kiasi kile kile. Geti lako lichorwe juu ya hizo.